Lovina na Fundi wa Rangi

Lovina Kriebel aliweza kumchora mtoto anayelia bila kumharibia sura yake, na si wachoraji wengi wanaoliweza hilo. Lakini Jumapili ile, mbele ya kioo, alishindwa kuamua hata namna ya kubana nywele zake mwenyewe.

"Ziache zilegee kidogo," Orpha alimwambia kutoka mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. "Unakwenda kwa mama mkwe, huendi kuhukumiwa."

"Kwani si ni mamoja?"

"Ee! Kumbe unajua. Basi zibane."

Orpha Stoudt na Lovina walikuwa wakiishi pamoja pale Germantown, pembeni mwa Filadelfia, kwenye ghorofa ya banda lililowahi kutunziwa magari ya farasi. Orpha alichora maboga na maua kwa ajili ya wauza mbegu. Lovina alichora vitabu vya watoto, na katika mwaka ule wa 1910 palikuwa na nyumba chache Filadelfia zenye watoto ambazo hazikuwa na kitabu chenye picha zake. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na tisa. Kule shambani alikozaliwa watu walishaacha kumuulizia habari za kuolewa. Walimuulizia habari za kikohozi, kama anavyoulizwa bibi kizee.

Hawakujua kuhusu Ansel Garrigues.

Walikuwa wamekutana kwa ugomvi. Lovina alipanda tramu hadi kwenye nyumba ya uchapaji, kitabu kipya mkononi, akamtaka fundi aliyewageuza watoto wake wa pichani kuwa viazi vyekundu vya kuchemsha. Akatokezewa na mwanamume mrefu, mwembamba, vidole vimelowa rangi hadi kwenye kucha. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kisha akasema kwa upole, "Aliyeifanya kazi hii ameshaondoka hapa. Mimi nimeanza juzi. Hebu nionyeshe shavu ulilolitaka liweje."

Lovina, kwa hasira, alinyoosha kidole na kujigusa shavu lake mwenyewe. "Hivi!"

Ansel alilitazama lile shavu. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na jinsi alivyozidi kulitazama ndivyo lilivyozidi kubadilika rangi.

"Sasa limekuwa jekundu mno," alisema. "Itabidi nisubiri litulie."

Kitabu kilichofuata kilitoka na mashavu yaliyo hai kabisa. Tangu hapo kila picha ya Lovina ilipita mikononi mwa Ansel, yeye ndiye aliyeihamisha juu ya mawe ya chapa, rangi moja baada ya nyingine, na mara nyingi aliileta mwenyewe karatasi ya majaribio Germantown, ijapokuwa palikuwa na tarishi wa kazi hiyo. Orpha aliacha kuuliza kwa nini. Aliongeza tu kikombe.

Na sasa ilikuwa zamu ya mama yake Ansel.

*

Tacy Garrigues alikuwa mjane wa watu wa Marafiki, wale wanaoabudu kimya. Nyumba yake haikuwa na picha hata moja ukutani. Gauni lake la kijivu halikuwa na lesi wala kifungo cha kung'aa, na hakumwita mtu bibi wala bwana, maana kwao watu wote ni sawa mbele ya Mungu.

"Lovina Kriebel," alisema mlangoni, akimtazama juu hadi chini. "Umefika. Ingia, kuku anapoa."

Walikula kuku wa kuokwa na mahindi makavu yaliyopikwa kwa maziwa. Ansel hakula sana. Kila Lovina alipoinua macho alikutana na ya Ansel, naye Ansel akaangalia chumvi haraka kama kijana aliyeshikwa akiiba. Tacy aliyaona yote hayo, akangoja mpaka maandazi ya tufaha yalipofika mezani.

"Nataka kuuliza jambo moja," alisema, akamgeukia Lovina. "Ukiolewa na mwanangu, hizo picha zako itakuwaje?"

Lovina aliweka kijiko chini. Alishajiandaa kwa swali la dini, la ukoo, hata la umri. Alifungua mdomo.

"Ataacha, Mama," Ansel alisema. "Usiwe na wasiwasi. Tumeshaelewana."

Tacy alimtazama mwanawe, kisha akamtazama Lovina, akamtazama na kumtazama, kama mtu anayesubiri chai ichujike. Lovina alihisi uso unamwaka. Hawakuwa wameelewana. Hawakuwa wamelizungumza kabisa.

Angeweza kusema pale pale. Lakini alikuwa amelelewa kutobishana kwenye meza ya mwenyeji, basi akachukua kijiko na kumaliza andazi ambalo hakulisikia ladha yake.

Walipofika barabarani, chini ya miti iliyokuwa imeanza kupukutisha majani, alisimama.

"Tumeelewana lini, Ansel?"

"Vina, nisikilize..."

"Nakuuliza, lini? Nilikuwa wapi mimi? Nilikuwa usingizini?"

"Nilitaka tu mama atulie. Mambo mengine tungeyapanga baadaye."

"Kwa hiyo umemdanganya mama yako."

Ansel aliangalia viatu vyake. Na katika kuviangalia kule Lovina akaona kitu kilichomtia baridi.

"Au hukumdanganya," alisema polepole. "Ulidhani kweli nitaacha."

"Wanawake wengi huacha," Ansel alisema, sauti chini. "Si vibaya. Nilidhani... nyumba, watoto..."

"Unamkumbuka Clementine? Rafiki yangu niliyesoma naye uchoraji?"

"Namkumbuka."

"Alikuwa akitushinda sote. Aliolewa. Siku hizi anachora vibandiko vya chupa za jemu zake mwenyewe, na mumewe humwambia kila mgeni, mke wangu ana kipaji. Ana kipaji, Ansel! Kinakaa stoo!" Sauti ilimkatika. "Wewe ndiye mtu pekee niliyedhani anajua nini kinanitoka ninapochora. Kinapita mikononi mwako kila wiki."

"Vina, tafadhali."

"Usinifuate. Tramu naijua."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, lakini kila hatua aliomba moyoni amfuate hivyo hivyo. Ansel alikuwa mtii mno. Hakumfuata.

*

Baada ya hapo karatasi za majaribio zikawa zinaletwa na tarishi.

Rangi zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mashavu yalikuwa mashavu, maziwa yalikuwa meupe kama maziwa, na pembeni, mahali Ansel alipozoea kuandika kijineno cha utani kwa penseli, hapakuwa na kitu.

"Ungempigia hata hodi," Orpha alisema.

"Yeye ndiye aliyekosa."

"Sijasema hakukosa. Nasema umemchora mwokaji mikate kwenye ukurasa huu, na ana pua ya Ansel."

Lovina aliinyakua karatasi. Ni kweli. Hata masikio.

"Na juzi mtawala wa nchi ya panya alikuwa na vidole vyake," Orpha akaendelea bila huruma. "Panya, Lovina. Mwenye vidole vya fundi rangi."

"Huna maboga ya kuchora wewe?"

Kitabu alichokuwa akikimaliza kilihusu bibi kizee na kuku wake aliyejiona mtu. Picha ya mwisho ilimtaka bibi ameketi karibu na dirisha, kuku mapajani, na ilipaswa kufika kwa wachapaji kabla wiki haijaisha. Jirani aliyekubali kuketi achorwe kama bibi alituma ujumbe asubuhi kwamba binti yake ameshikwa na uchungu wa kujifungua, hawezi kuja. Lovina alikuwa amebaki katikati ya studio na kuku wa kuazima kwapani, akitafakari kama Orpha anaweza kuzeeshwa kwa unga kichwani, mlango ulipogongwa.

Alikuwa Tacy Garrigues, na kofia yake ya kijivu iliyofungwa kidevuni.

"Nimepanda ngazi nyingi," alisema. "Nipishe nikae."

Lovina alimpisha. Kuku alipiga kelele. Tacy alizitazama kuta zilizojaa picha kutoka sakafuni hadi darini: watoto wanaruka kamba, watoto wanaoga, watoto wamelala midomo wazi. Alitazama kwa uso wa mtu aliyeingia sokoni na hana nia ya kununua.

"Ansel hali chakula," alisema. "Nimepika supu ya viungo, ameiacha. Nimekuja kuona ni kitu gani hiki."

"Ninasikitika kusikia hivyo," Lovina alisema, na moyo wake ukafanya jambo la aibu: ulifurahi.

"Hapana, hujasikitika. Kaa chini." Tacy aliweka mikono magotini. "Mimi nilikuuliza swali mezani kwangu. Nilikuuliza wewe, akajibu yeye. Tangu siku ile nasubiri jibu lako."

Lovina alimkodolea macho. "Jibu langu?"

"Kwetu mwanamke husimama ibadani akasema alichopewa na Mungu kusema, na wanaume wakamsikiliza. Mama yangu alisimama, na mimi nimesimama. Wewe ulikaa pale ukala andazi. Nikajiuliza, huyu binti ana ulimi, au kazi yote inafanywa na mikono?"

"Nilinyamaza kwa heshima!"

"Heshima gani hiyo ya kuniacha peke yangu na uongo wa mwanangu?"

Lovina alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kuku alitumia nafasi hiyo kuchomoka, akatua kwenye meza ya rangi na kukanyaga kisahani cha samawati.

"Mshike!" Lovina alipiga kelele. "Atakwenda kwenye picha!"

Lakini Tacy alishasimama. Alimnasa kuku kwa mkono mmoja, akakibonyeza kichwa chake chini ya bawa, akamyumbisha taratibu mpaka akatulia kama mtoto aliyenyonya. Kisha akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, kuku mapajani, mwanga wa mchana ukiangukia nusu ya uso wake.

Lovina hakupumua.

"Usijongee," alinong'ona.

"Nini?"

"Tafadhali. Kaa hivyo hivyo. Kidevu kielekee dirishani." Alikuwa ameshachukua mkaa wa kuchorea na ubao. "Ninakuomba. Nitakueleza baadaye."

"Mimi sichorwi," Tacy alisema, akikasirika bila kusogeza shingo. "Sijawahi kuchorwa. Ni majivuno."

"Si wewe. Ni bibi wa kuku. Wewe unamshikia tu nafasi."

Tacy aliwaza kidogo. "Bibi huyo ni mtu mwema?"

"Mwema sana. Mkali kidogo."

"Hm," alisema Tacy, akanyoosha mgongo.

Mkaa ulianza kukwaruza. Lovina alipokuwa akichora, hofu yote ilimtoka, kama kawaida yake, na ilikuwa rahisi kusema.

"Jibu langu ni kwamba siachi," alisema.

"Nimesikia."

"Nampenda mwanao. Nampenda mpaka namchora kwenye panya. Lakini nikiacha kazi hii nitakayemletea nyumbani si mimi, ni mtu mwingine anayevaa nguo zangu. Baada ya mwaka atamchoka, na mimi pia nitakuwa nimemchoka."

Tacy alinyamaza, kimya chao kile cha ibadani ambacho hakimfukuzi mtu.

"Na watoto wakija?" aliuliza hatimaye.

"Nitawachora."

"Watashiba picha?"

"Nitawapikia pia. Vibaya. Ansel anapika vizuri kuliko mimi."

"Najua. Nilimfundisha mwenyewe." Midomo ya Tacy ilicheza kidogo. "Watu wetu watasema. Watasema mke wa Ansel Garrigues anapaka rangi kuku."

"Wewe je, utasema?"

"Mimi nimemshika huyo kuku. Nitasema nini?"

Lovina aliinamisha uso kwenye ubao, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka yadondoke juu ya mkaa.

Hapo ndipo waliposikia hatua kwenye ngazi. Hazikuwa za tarishi. Tarishi hupanda akipiga mluzi. Hizi zilipanda, zikasimama, zikapanda tena. Lovina alizijua kabla mlango haujafunguka.

Ansel aliingia na bahasha ya karatasi za majaribio kifuani. Alikuwa amekonda. Koti lilimning'inia mabegani. Macho yake yalimtafuta Lovina, yakampata, yakabaki pale kama mtu aliyetoka kwenye baridi akafika penye moto. Kisha akaona kiti cha dirishani.

"Mama?"

"Usinisemeshe," Tacy alisema akilitazama dirisha. "Nimeambiwa nisijongee."

"Mama, hiyo ni... umeshika kuku?"

"Ansel, una macho. Umekuja kwa ajili yangu?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili yake."

"Basi mimi sipo."

Ansel aliweka bahasha mezani. Ilikuwa pembeni mno, ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

"Vina," alisema. "Nilikujibia kwa sababu niliogopa jibu lako. Huo ndio ukweli. Nilijiambia, akiulizwa achague, atachagua picha, na mimi nitabaki fundi wa rangi anayemletea karatasi mpaka nizeeke. Basi nikaona afadhali asiulizwe."

"Kwani nani alikuambia kuna kuchagua?" Lovina aliuliza. Sauti yake haikuwa imara kama alivyotaka. "Ansel, picha zangu zinapita mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Nani aliyesubiri shavu langu litulie ili alijue vizuri?"

"Mimi," Ansel alisema, karibu asisikike. "Na halijawahi kutulia nikiwa karibu."

"Halijatulia hata sasa," Tacy alisema kutoka dirishani. "Simwoni, lakini najua."

"Mama, umesema hupo."

"Sipo."

Ansel alisogea hatua, akasimama. Vidole vyake, vile vyenye rangi kwenye kucha, vilikuwa vinaisokota kofia yake.

"Kuna nyumba upande ule wa stesheni," alisema. "Ina chumba cha juu chenye dirisha kubwa la kaskazini. Mwanga wake hauchezi, nilikaa ndani nikautazama tangu asubuhi mpaka jioni. Sijaikubali. Mwenyewe anataka jibu, nikamwambia lazima niulize kwanza." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo nauliza. Utakuja? Na brashi zako, na Orpha akija kunywa kahawa, na panya wenye pua yangu?"

"Vidole," Lovina alisema. "Pua ni ya mwokaji mikate."

"Vina."

"Nani atapika?"

"Mimi Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku ya Kwanza, Jumapili yenu, twende kwa mama."

"Jiko likoje?" Tacy aliuliza.

"Mama!"

"Nauliza tu. Mtu asipouliza ndipo mambo huharibika."

Lovina alicheka na machozi yakamtoka yote kwa pamoja, akayafuta kwa kiganja chenye mkaa, akabaki na mstari mweusi kutoka jichoni hadi kidevuni. Ansel aliuona ule mstari, na uso wake wote ukalainika.

"Ndiyo," Lovina alisema. "Umeniuliza, nami nimekujibu. Ndiyo."

Ansel aliweka kofia juu ya meza ya rangi, ndani kabisa ya kisahani cha samawati, na wala hakuona. Alinyoosha mkono akamgusa Lovina pale kwenye ule mstari wa mkaa, taratibu, kama anavyogusa karatasi ambayo bado ina unyevu.

"Mama Tacy," Lovina alisema, macho yasimwachie Ansel. "Naomba usigeuke. Bado sijaimaliza shingo."

"Naweza kukaa hivi mpaka lini?"

"Kidogo tu. Endelea kutazama dirishani."

"Kuna nini cha kutazama huko?"

"Mwanga," Ansel alisema, akiwa tayari yuko karibu mno.

Tacy Garrigues alitazama dirishani. Kulikuwa na paa la jirani na kamba ya nguo yenye shuka moja, naye akavitazama kwa bidii kubwa, mgongo umenyooka, mdomo umefungwa kama mtu aliye ibadani. Nyuma yake pakawa kimya kwa muda mrefu. Kuku aliinua kichwa kutoka chini ya bawa, akageuza shingo kuchungulia kuna nini, na yule mama, bila kuyatoa macho kwenye lile shuka, akamfunika macho kwa kiganja.